Wazazi wanataka madaftari yaliyojaa, mimi nataka watoto wacheze nje

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 34, ni mama wa watoto wawili na mwalimu wa chekechea hapa Morogoro. Nilisomea elimu ya awali, nikafundisha kwenye vituo vya watu miaka sita, na mwaka juzi nikathubutu kufungua kituo changu katika nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji. Nyumba yenyewe si kubwa, ni vyumba viwili na varanda, ila niliipendea uwanja. Kuna mwembe mkubwa unaotupa kivuli karibu siku nzima, na nyuma kuna mkwaju. Siku ya kwanza nilipouona uwanja ule nilijua watoto watasomea pale.

Na kweli wanasomea pale. Asubuhi tukishakaguana kucha na kuimba, tunatoka. Wanapanga kokwa za ukwaju, wanacheza mdako, wanaruka kwenye miraba niliyowachorea chini, kila mraba na namba yake. Wanapima mchanga kwa makopo, wanaokota majani na kuyatenga makubwa kwa madogo. Wale wa miaka mitano wanaandika herufi kwa kijiti kwenye mchanga uliolowa. Madaftari tunayo, lakini tunayafungua labda mara mbili kwa wiki.

Mwaka jana mwishoni nilikuwa na watoto 41. Leo ninapokuandikia wako 29. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi pamoja na uji, kwa hiyo kila mwezi nakosa shilingi 480,000 nilizokuwa nazipata, na kodi ya nyumba iko palepale. Wengi wamehamia kituo kipya mtaa wa pili. Kule watoto wanavaa tai, wanakaa kwenye viti tangu saa mbili mpaka saa sita, wanaandika moja mpaka mia na wanarudi na kazi ya nyumbani kila siku. Baba mmoja alinionyesha kwenye simu yake picha ya daftari la mtoto wa jirani. Akaniambia, "Mwalimu, wa mwenzangu anaandika mpaka mia. Wangu ananiletea majani mfukoni."

Bi Mshauri, kuna siku moja mwezi wa nne ambayo hainitoki. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye tangu Januari hakuwahi kutoa neno kituoni. Nyumbani anaongea, mama yake alinihakikishia, lakini kwetu alikuwa akitikisa kichwa tu. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, chini ya mwembe kukabaki dimbwi. Watoto wakawa wanatupia vitu humo kuona kipi kinaelea: jani, kijiti, kizibo cha soda. Yeye alichuchumaa pembeni ameshika jiwe kwa mikono miwili. Akalisogeza mpaka juu ya maji, akaliachia. Akaliangalia lilivyokwenda chini, akanigeukia, akasema, "Limezama, mwalimu." Halafu akaokota kizibo, akakiweka majini, akasema, "Hiki hakizami." Nilishindwa hata kumjibu, koo lilikuwa limenikaba.

Saa sita alikuja mama yake mwenyewe, siku hiyo hakumtuma dada wa nyumbani. Akaziangalia soksi nyeupe zilizogeuka rangi ya udongo na shati lililolowa, akaniuliza mbele ya wazazi wengine wawili, "Mwalimu, hii ndiyo ada yangu?" Niliishia kusema samahani. Wiki iliyofuata mtoto hakuja, na hajaja tena mpaka leo.

Mwezi huohuo mtoto mwingine aliteleza kwenye bembea ya tairi akachanika mdomo. Nilimpeleka zahanati mwenyewe, akashonwa nyuzi mbili, nikalipa, na mama yake nikamweleza jioni alipokuja kumchukua. Usiku kundi la WhatsApp la wazazi liliwaka moto. Mmoja aliandika kwamba pale si shule, ni gulio.

Mume wangu ni fundi seremala, ndiye aliyetengeneza meza zote na hiyo bembea. Si mtu wa maneno mengi. Ameniambia, "Biashara ni kumpa mteja anachotaka. Wape madaftari." Naelewa kwa nini anasema hivyo, maana tuna mkopo wa kikoba tunaurejesha wote wawili.

Sasa kuna jambo ambalo hata yeye sijamwambia. Wiki tatu zilizopita nilimkuta msaidizi wangu amekaa varandani na rundo la madaftari, anawaandikia watoto. Mengine alikuwa amewashika mkono, mengine ameandika mwenyewe kwa mwandiko wa kitoto, moja mpaka hamsini, na tiki nyekundu juu. Aliponiona alishtuka, akasema, "Dada, nakusaidia tusifunge." Nilitakiwa kumkataza. Nilinyamaza, nikaingia ndani kukoroga uji. Na tangu siku hiyo anaendelea, na mimi naendelea kunyamaza, na kwa kweli malalamiko yamepungua.

Ninachoka, Bi Mshauri. Nikiwaweka watoto kwenye viti mpaka saa sita, najua ninachowanyang'anya. Nikiendelea hivi, kituo kitafungwa, na nitakuwa nimewatoa nje watoto ambao mwisho wao ni kule kule kwenye tai. Nifanyeje?

Mwalimu wa Chini ya Mwembe, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu mwalimu.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaenda kwenye shughuli zangu, jioni nikairudia. Mimi mwenyewe nimeshika chaki darasa la kwanza mpaka nikastaafu. Watoto unaowalea wewe ndio niliokuwa nawapokea mimi, kwa hiyo usishangae maswali yangu yakiwa ya mtu wa ndani.

Nikikusikia vizuri, unaniambia hivi. Unaamini mtoto wa miaka minne anajifunza kwa mikono, miguu na macho yake, nje, pamoja na wenzake. Wanaolipa ada wanaamini anajifunza kwa penseli. Ukitetea unachoamini unapoteza watoto, ukiwaridhisha wazazi unajiona mwongo. Juu ya hapo kuna mdomo ulioshonwa na madaftari yaliyoandikwa kwa mkono usio wa mtoto. Mzigo huo umeubeba peke yako, na mumeo anaujua nusu tu. Pole sana.

Nianze na pale ambapo sina wasiwasi nawe. Kuwatoa watoto nje si kosa, na si mtindo wa kuiga. Mtaala wetu wa elimu ya awali unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 31, unataja mchezo kuwa haki ya mtoto, sawa na nyingine. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na ndani yake angalau 60 ziwe za kuhema kwelikweli. Dakika 180 ni saa tatu. Mtoto anayekaa kitini tangu saa mbili mpaka saa sita, akarudi nyumbani akalala, akaamka akawashiwa katuni, atazipata wapi?

Halafu kuna huo mdako wako. Mtu akipita barabarani anaona watoto wanachezea kokwa. Mimi naona mtoto anarusha jiwe juu, mkono huohuo unakomba kokwa shimoni, unageuka kulidaka jiwe, kisha unarusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Duru inayofuata anabakiza mbili, halafu tatu. Jiwe liko hewani na mtoto anapiga hesabu ya kutoa. Na mkono wenyewe unakomaa. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, na kwa mtoto wa miaka minne baadhi yake bado ni gegedu laini. Mkono unaokomba kokwa, kufinyanga udongo na kuchota mchanga ndio utakaoshika penseli bila kuuma mwakani.

Lakini haya unayajua, umeyasomea. Na kuyajua kwako hakujamzuia mzazi hata mmoja kuondoka. Ndiyo maana nataka tugeuze tuangalie upande wa pili wa geti.

Unaandika kana kwamba wazazi hawathamini mchezo. Una hakika? Mzazi wa mtaani kwako anaondoka nyumbani alfajiri, anapanda daladala au bodaboda, anarudi giza limeingia. Mtoto anafuatwa na dada. Katika siku nzima ya mwanawe, mzazi huyu haoni chochote: hakuona kokwa, hakusikia nyimbo, hakuona miraba. Kinachofika nyumbani ni vitu viwili, nguo na daftari. Akifungua daftari likiwa tupu, anachokiona ni shilingi 40,000 zilizokwenda asikokujua. Daftari kwake ni dirisha, mwanangu, na dirisha lenyewe ni hilo moja. Kule mtaa wa pili wamelifungua wazi. Kwako lilikuwa limefungwa, na sasa msaidizi wako amelichora picha.

Kuhusu soksi nyeupe pia nilikaa nikawaza. Ni nani aliyezichagua? Kama ni sare ya kituo chako, basi wewe ndiye uliyemvalisha mtoto nyeupe ukampeleka kwenye tope. Pengine yule mama hakuwa anauliza habari za elimu hata kidogo. Pengine maji ananunua kwa dumu, na jioni ile ndiye angefua. Huenda kaptula ya rangi ya udongo, ndala za kuchezea na fulana ya zamani inayobaki kituoni kwenye mfuko wenye jina la mtoto vingekupunguzia nusu ya ugomvi huu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Nasema sijaona katika barua yako kama ulimuuliza.

Na woga wao una mizizi. Shule nyingi za binafsi zinawafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, wanakaa na karatasi na penseli wakiwa na miaka mitano au sita. Mzazi anayelenga shule hizo haogopi kivuli. Nami nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Siku za kwanza za muhula nilikuwa namwita mtoto mezani, namwambia, "Nihesabie." Anaimba mpaka mia bila kuvuta pumzi. Namsogezea bakuli la vizibo, namwambia, "Nipe saba." Anachota konzi moja, ananikabidhi, anasubiri nimsifu. Hao walikuwa wengi, na kuwarudisha nyuma kuwafundisha kwamba saba ni vitu saba kulinigharimu muda mrefu kuliko waliokuja bila kujua lolote. Hapo uko sahihi. Ila nilipokea pia watoto waliotoka kwenye vituo vya kucheza tu, hawajawahi kugusa penseli, wakaingia darasa la watoto tisini ambako mwalimu hawezi kumshika kila mmoja mkono. Walikuwa wachangamfu, wadadisi, na kufika Machi baadhi yao walikuwa wameshajiona wajinga. Hao pia siwasahau.

Kwa hiyo nikuulize, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe: watoto wakiwa nje, wewe unakuwa wapi? Kuna mchezo ambao mwalimu amechuchumaa karibu, na swali moja mdomoni: "Unafikiri hili litazama au litaelea?" Kuna mchezo wa kuachiwa tu watoto wakimbie, nao una faida yake kubwa, mtoto anauhitaji. Na kuna kuachiwa kwa sababu watu wazima wamechoka au wanachezea simu. Kwa jicho la mzazi aliyesimama getini, yote matatu yanafanana. Ungesema siku yako ina kiasi gani cha kila moja? Sikutuhumu. Yule mtoto hakuongea na dimbwi, aliongea na mwalimu aliyekuwa karibu.

Sasa njia zilizo mbele yako. Nitakuambia ninavyoziona na hatari zake, uamuzi ni wako, maana kodi utailipa wewe.

Unaweza kufanya kama mumeo anavyosema. Usimlaumu, fundi akiletewa oda ya kabati hatengenezi kitanda. Ukijaza madaftari, watoto huenda wakarudi. Hatari ninayoiona ni kwamba utakuwa unashindana na kituo cha tai kwa kazi ambayo wao wanaipenda na wewe huiamini. Na mwembe ule utabaki pambo. Lakini pia ukifunga, hao 29 watakwenda wapi? Swali hilo umeliuliza mwenyewe na halina jibu jepesi.

Unaweza kushikilia ulipo bila kulegeza, ukabaki na wazazi wachache wanaokuelewa. Wapo wanaofanya hivyo, lakini mara nyingi wana jengo lao au mtaji wa kusubiri. Wewe una mkopo wa kikoba. Kama utaifikiria njia hii, kaa kwanza na mumeo mhesabu: ni watoto wangapi ndio mwisho, chini ya hapo hamlali? Idadi hiyo muijue wote wawili kabla haijafika.

Unaweza kugawa siku. Uwanja asubuhi tangu saa mbili jua likiwa bado la upole, uji saa nne, halafu wale wanaoelekea miaka mitano na kuendelea wakakaa varandani robo saa na penseli, kuandika kile walichokifanya nje. Kama asubuhi walipanga kokwa tano, wanachora kokwa tano na kuandika 5. Nimeona walimu wakilifanya hili vizuri sana. Nimeona pia robo saa ikawa nusu saa, mzazi mmoja akasifu, ikawa saa nzima, na kufika Agosti watoto hawatoki tena. Ukiichagua, mtu mwingine awe mlinzi wa saa, usiwe wewe.

Njia nyingine ni kubadilisha hilo dirisha lenyewe. Daftari liwepo, lakini lionyeshe siku ya kweli. Ukurasa mmoja kwa wiki kwa kila mtoto: jani alilolizungushia penseli, jina lake kwa mwandiko wake hata kama herufi moja imelala, na chini sentensi zako mbili. "Leo amegawa kokwa 12 kwa wenzake watatu, kila mmoja akapata 4. Wa tatu alipolalamika, walihesabu upya pamoja." Mzazi akisoma hivyo atakuwa na la kumuuliza mwanawe jioni, na mtoto atakuwa na la kujibu. Una watoto 29. Ukiandika sita kwa siku, kwa wiki umewamaliza. Hatari yake ni uchovu: wiki ya pili utaandika kwa moyo, wiki ya tano utaanza kunakili sentensi ileile, na wazazi watagundua kabla yako. Afadhali sentensi moja ya kweli.

Na wapo wanaowaita wazazi waje wacheze. Juni ina siku mbili nzuri kwa hilo: tarehe 11 ni Siku ya Kimataifa ya Mchezo, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2024, na tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika ambayo kila mtu anaijua. Ukichagua Jumamosi iliyo karibu, ukawakalisha akina mama chini ya mwembe, ukawapa kokwa, sidhani kama yupo aliyekulia nchi hii ambaye mkono wake umesahau mdako. Mwache mtoto amhesabie mama yake. Akina baba wengi hawatakuja, hilo ujiandae nalo. Na jihadhari siku hiyo isigeuke maonyesho, watoto wakafanyishwa mazoezi wiki mbili ili wakariri kucheza.

Turudi kwa aliyeumia mdomo. Nadhani umeuweka msiba huu kwenye kapu la mchezo, na mimi naona una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni bembea: kamba imefungwaje, chini kuna mchanga au ardhi ngumu, nani anasimama pale? Mumeo ni fundi, hiyo ni kazi ya nusu siku. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeuweka ulinzi na usalama pamoja na ujifunzaji wa awali, na wazazi wako hawaombi zaidi ya hapo. Vivyo hivyo dimbwi: la mvua ya jana si sawa na lililokaa wiki nzima, na beseni la maji ya bomba linazamisha jiwe vilevile. Sabuni iwe karibu na bomba, maana mama anayeogopa minyoo ana haki ya kuogopa. Sehemu ya pili ni saa. Mtoto alishonwa mchana, mama akaambiwa jioni. Najua ulikuwa unamhangaikia mtoto, labda ulitaka umwambie uso kwa uso. Lakini jiweke mahali pake, uione ile plasta kabla hujasikia neno. Je, moto wa WhatsApp ulikuwa wa bembea, au wa saa zile?

Sasa madaftari ya varandani. Hapa nakuomba tuongee polepole, kwa sababu naona ndipo panapokuuma. Msaidizi wako hakufanya hivyo kwa ubaya. Alisema "tusifunge," hakusema "usifunge." Binti huyo anakipenda kituo na anaogopa kukosa kazi, na wewe hujawahi kukaa naye ukamweleza hali ilivyo na mnakwenda wapi. Kunyamaza kwako kulimpa ruhusa, na sasa mmekuwa wawili ndani ya jambo hilo.

Unasema malalamiko yamepungua. Inawezekana. Lakini fikiria baba yule wa picha ya simu. Jioni moja anafungua daftari, anaona moja mpaka hamsini na tiki nyekundu, anafurahi, anamwita mwanawe: "Hebu niandikie baba." Mtoto anashika penseli kama mwiko wa ugali. Baba atawaza nini? Hatasema kwamba mchezo haufai, atasema kwamba mwalimu ni mwongo, na kuanzia hapo hata lile la kweli kuhusu kokwa na mchanga hatalisikia. Na mtoto je? Ameona mkono wa mtu mzima ukifanya kazi yake na tiki ikawekwa. Sijui anajifunza nini hapo, ila anajifunza kitu.

Kuacha ni lazima siku moja kufike, hilo unalijua, usingeniandikia. Namna ya kuacha ndiyo ina njia zaidi ya moja. Unaweza kuacha kimyakimya, ukaanza kurasa mpya za kweli na kuomba Mungu hizo za nyuma zisiulizwe. Wengi wangefanya hivyo, na siwezi kukuambia ni dhambi, ila utaishi na kurasa hizo mpaka daftari liishe. Unaweza kuwaambia wazazi wote kwenye kikao, ukabeba lawama mwenyewe bila kumtaja binti. Huenda ukapoteza watoto wengine, huenda pia wakaanza kuamini unachowaandikia. Unaweza kumwambia mzazi mmojammoja pale unapomkabidhi ukurasa wa kwanza wa mwandiko wa mwanawe: "Zile za nyuma tulimsaidia mno, huu ni wake." Mimi nisingekuchagulia. Ila kabla ya wazazi, naona mtu wa kwanza kuambiwa ni mumeo. Anakushauri kuhusu madaftari bila kujua madaftari yana nini.

Mwisho, kuna kitu nimekitafuta katika barua yako yote, nikairudia mara tatu, sijakiona. Yule mtoto aliyesema "Limezama, mwalimu." Miezi mitatu hakutoa neno, na siku aliyotoa, mama yake alifika getini kwa miguu yake mwenyewe. Ukamwomba samahani ya soksi. Ulimwambia kwamba mwanawe ameongea?

Kama hukumwambia, basi mama huyo mpaka leo anajua kwamba mwanawe alikaa kwako tangu Januari akiwa bubu, akarudi na tope. Namba yake bado unayo. Ukimpigia, usimpigie ili amrudishe, atalisikia hilo kwenye sauti yako. Mpigie umsimulie jiwe na kizibo, jinsi alivyochuchumaa, jinsi alivyolishika kwa mikono miwili, na maneno yake yote manne.